Anamshikia Kaka Yake Tu

3 Februari

Baba mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa kwenye kigoda chako karakanani, si juu ya paa ukiziba lile tundu kwa mara nyingine. Bibi hajambo? Aliponipigia wiki iliyopita alisema goti lake halina neno ila mwenye goti ndiye anayeumwa, nikajua ni mzima. Mimi pia sijambo. Nimehama chumba, humu humu ndani ya nyumba, kwa sababu kile cha mbele kilikuwa kinapokea makelele yote ya kituo cha mabasi. Hiki cha nyuma kinapokea ya mashine ya kusaga. Basi angalau nimebadilisha muziki.

Nakuandikia kwa sababu simu ya nyumbani ni ya Bibi. Nikimwomba akuite, anakuita huku anaendelea kuzungumza yeye.

Jambo lenyewe ni hili. Jumatatu tulitembelewa hapa maabara na watu wa mradi wa mabomba mapya. Mkurugenzi ndiye aliyewazungusha. Walipofika mezani kwangu nilikuwa nimebeba chupa za sampuli mikono yote miwili. Akaniwekea mkono begani, akawaambia kwa Kiingereza kwamba mimi ni luteni wake. Wageni wakacheka kwa adabu, na mimi nikacheka. Halafu nikashinda siku nzima nimenuna bila kujua nimemnunia nani, maana hakuna aliyenitukana.

Unajua huu ni mwaka wa tatu natia sahihi kama kaimu mkuu wa maabara. Maji yote yanayonywewa mji huu yanapita chini ya jina langu, na mbele ya jina hilo neno limeng'ang'ania kama kibandiko cha bei ambacho mtu amesahau kukibandua.

Yuko dada mmoja idara ya mikataba amesoma Kifaransa. Nikamuuliza huyo luteni alitoka wapi. Akaniambia Waingereza walimchukua kwa Wafaransa mzima mzima: "lieu" ni mahali, "tenant" ni mwenye kushika. "Lieutenant" ni mshika mahali. Mahali pa mtu mwingine, ndiyo maana yake. Zamani aliweza kuwa mkubwa kweli, mtu wa kukaa pale mfalme asipokuwepo. Baadaye neno likateremka ngazi, likaishia kwa afisa mdogo mwenye nyota moja au mbili begani. Tena Waingereza wenyewe wengi hulitamka kana kwamba lina herufi ya efu katikati, na hakuna anayejua kwa hakika hiyo efu iliingilia mlango gani.

Sasa nisaidie. Muulize yule mpangaji wa juu, mwalimu wa Kiarabu: na "kaimu" je?

Nafasi yenyewe itatangazwa mwezi huu. Nitaomba. Zaidi ya hapo sitaki kusema. Tangu Jumatatu nikikaa natamani kusimama, nikisimama natafuta kiti.

Nisalimie Bibi, na yule mama muuza ngozi kama bado anakugombeza.

Mwanao


1 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Usinihesabie kuchelewa. Mambo yalikuwa mengi na meza yangu ndogo. Bibi yako ni mzima, anakula vizuri, anacheka kuliko kawaida. Tundu la paa nimeliziba, nadhani safari hii limekubali. Kazi ipo. Jana mwalimu wa michezo aliniletea viatu vilivyolika soli upande mmoja tu, nikamwambia anatembea kama mtu anayetaka kugeuka arudi. Akasema ndivyo alivyo.

Kuhusu neno lako, mwalimu wa Kiarabu alifurahi kuulizwa. Siku hizi watoto wanamuuliza muda wa mapumziko tu. Anasema kaimu ni mwenye kusimama, na makamu ni mahali pa kusimama. Kwa Waarabu wenyewe yalikwenda pamoja: kaimu makamu, mwenye kusimama mahali pa mwenzake. Sisi tulipoyapokea tukayatenganisha, tukampa huyu moja na yule moja, kila mmoja akabaki na nusu ya kazi.

Nikamwambia, basi tumepunjwa. Luteni walau kashika kitu, kaimu kasimama tu. Mwalimu alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Bibi yako alikuwa dirishani anasikiliza. Yeye hakucheka. Unakumbuka tangu baba yako aondoke alivyokuwa akiwaambia wateja, mimi nikiwa nimeinamia kiatu: "Huyu anamshikia kaka yake tu." Sijui Kifaransa alikisomea wapi.

Omba hiyo nafasi, na usiombe kwa kunong'ona.

Chumba cha mbele kina mtu kwa sasa. Hakuna cha kukutia wasiwasi. Ukiniandikia, tumia sanduku la posta la shule anayofundisha mwalimu, nimeliandika juu ya bahasha. Letu lina matatizo kidogo.

Baba yako mdogo


22 Machi

Baba mdogo,

Shikamoo. Mimi mzima, nawe natumaini hivyo hivyo, ingawa barua yako nimeisoma mara nyingi na kila mara naona inanikwepa macho. Sanduku letu lina matatizo gani? Lina mlango na kufuli, na ufunguo unao wewe. Na huyo wa chumba cha mbele ni nani? Chumba hicho hujawahi kumpangisha mtu, hata mwaka ule wa shida. Nilimpigia Bibi. Alikuwa mtamu kama aliyelambishwa asali, akakata simu upesi. Nyuma yake nilisikia mwanamume anakohoa. Hakikuwa kikohozi chako. Chako nakijua tangu nikiwa na miaka kumi na miwili.

Habari za huku si nzuri, nazisema haraka. Nafasi amepewa mwingine. Ametoka mji mwingine, ni mdogo kwangu, mpole, na shahada zake ziko sawasawa. Siku ya kwanza alinifungulia mlango nipite, nikatamani asingefanya hivyo. Mkurugenzi aliniita ofisini akanishukuru kwa "kutushikia" kipindi chote hicho. Halafu akaniomba nimfundishe kijana kazi mpaka mwisho wa Mei, kwa sababu hakuna anayeijua kama mimi.

Nilimwambia nitafikiri. Nikatoka, nikasahau mkoba, nikarudi kuuchukua, nikasahau nilichorudia. Kila jioni natembea mpaka mwisho wa mtaa na kurudi, wauza magazeti wamenizoea.

Nijibu, tafadhali. Na ujibu nilichouliza.

Mwanao


26 Aprili

Baba mdogo,

Shikamoo. Zaidi ya mwezi hujanijibu, kwa hiyo salamu zitakuwa fupi.

Nimepiga simu nyumbani mara tatu. Kila mara Bibi anasema umetoka. Mara ya tatu nikamwambia nitasubiri kwenye simu mpaka urudi. Akasema, "Ngoja nikupe mtu." Mtu mwenyewe akasema, "Mwanangu."

Sikumjua. Alipotaja jina la utani la Mama ndipo nilipojua ni Baba. Aliniahidi mwaka mmoja alipokwenda machimboni, mwezi ule ule tuliomzika Mama. Zikaja kadi mbili za salamu, basi. Miaka kumi na tisa. Akaniuliza kama nimeolewa. Akaniuliza kama ninakula. Akasema karakana inakwenda vizuri na sasa ameishika mwenyewe. Nikamuuliza Baba mdogo yuko wapi. Akasema, "Amejitenga kidogo. Unamjua alivyo."

Ninakujua ulivyo, ndiyo. Ndiyo maana najua wamekutoa. Ulinilea kwenye ile karakana, nikifanyia hesabu zangu za shule juu ya maboksi ya viatu, na leo mtu anaingia na begi lake, unatolewa mlangoni kama tarishi. Na Bibi ambaye umemtia chakula mkononi miaka yote hiyo anakaa kimya.

Nimeomba likizo. Nakuja Jumamosi ya tatu ya Mei. Nitazungumza na Bibi, nitazungumza na huyo bwana, na utarudi kwenye kigoda chako. Kijana wa maabara nimeshaanza kumfundisha, maana nilishindwa kumkatalia usoni, lakini barua ya kuacha kazi ninayo kwenye mkoba. Sijui nitampa nani kwanza hasira zangu, mkurugenzi au Baba.

Mwanao


7 Mei

Mwanangu,

Marahaba, na pole. Nilikosea kukuacha gizani. Nilianza barua nyingi, kila moja ikawa imemwonea mtu, nikazichana.

Nakueleza yalivyokuwa. Baba yako alifika Februari, Jumanne asubuhi, na begi moja. Nilikuwa napiga misumari kwenye kisigino. Alisimama mlangoni akazuia mwanga, nikamwambia asogee nione kazi, kabla sijainua kichwa. Alikuwa mwembamba, nywele nyeupe kuliko za Bibi. Tukashikana mikono. Ndipo akaangalia ukuta wa viatu, akasema, "Nimekuja kukupumzisha."

Bibi yako alilia, akamwandalia chumba cha mbele kwa mikono yake mwenyewe. Jioni aliniita akaniambia, bila ubaya wowote, "Sasa mwenyewe kafika." Hilo lilinichoma, sitakuficha. Sikulala vizuri kwa juma zima, na mchana nilikuwa naokota vyombo na kuviweka pale pale.

Lakini hakuna aliyenitoa. Hilo ndilo unalopaswa kulijua kabla hujapanda basi. Baba yako aliniomba nibaki. Alisema, "Usiende popote. Utanisaidia." Alisema kwa upole, na aliamini ananitendea wema. Nikaitazama ile benchi, kila alama iliyo juu yake nimeitia mimi kwa kisu, nikajaribu kujiona nikisaidia pale. Nikashindwa. Nikachukua msharasi wangu wa kutobolea ngozi na nyundo yangu, nikatoka. Mwalimu alinipa kona ya chumba chake cha juu, na sanduku la posta.

Kesho yake nilikwenda kwa muuza ngozi kutafuta kazi. Kuna jambo sijawahi kukuambia kuhusu mama huyu, ingawa nadhani umelijua siku zote. Ni mjane, na kwa miaka mingi tumekuwa tukielewana. Kila aliponiuliza tunakwenda wapi, nilimwambia asubiri kaka yangu arudi, maana siwezi kuoa ndani ya nyumba ya mtu. Na kweli nilidhani ndiyo sababu. Siku ile alikuwa anakunja ngozi. Hata hakuiweka chini. Akasema, "Kaka amerudi. Sasa utanipa kisingizio gani?"

Nilisimama pale dukani, mwanangu, na sikuwa nacho. Nilitafuta kama mtu anayejipapasa mifuko. Mwishowe nikamwambia kwamba naogopa. Akasema hilo ndilo jibu langu la kwanza la kweli. Akaniambia niondoke nikafikiri, nisimzibie wateja.

Basi ndiyo hali yangu. Nazunguka mji. Nakwenda sokoni sinunui, nakaa hotelini chai inapoa. Umri huu wote sijawahi kuamka asubuhi bila kuwa mahali pa mtu mwingine, na mguu haujui uanzie wapi.

Kwa hiyo usije kunipigania. Ukija, njoo umwone Bibi yako. Na kuhusu kijana wako wa maabara, mfundishe au usimfundishe, kazi usiache au iache, ni juu yako. Lakini usifanye lolote kwa hasira zinazotokana na mimi. Hizo nirudishie, ni zangu.

Baba yako mdogo


4 Juni

Baba mdogo,

Shikamoo. Nilikwenda. Barua yako ilinikuta nimeshafunga begi, nikasema lipo begi na lipo basi, heri nione kwa macho. Nilipouliza kwa mwalimu nikaambiwa umesafiri na mama muuza ngozi kwenda kiwanda cha ngozi kwa siku mbili. Siku zile mbili nilizokuwepo mimi. Sisemi kitu.

Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia Baba. Nimeyasema ndani ya basi njia nzima mpaka jirani yangu akabadili kiti. Nilipoingia karakanani alikuwa ameinama, ameshika nyundo karibu na kichwa kama mtu anayeogopa itamponyoka. Gundi ilikuwa imemwagikia viatu na magoti. Aliponiona akanisogezea boksi nikae. Halikuwa na vumbi. Sijui kama alilifuta kwa ajili yangu.

Nikamwambia nimekuja kumuuliza jambo moja: kwa nini mwaka mmoja ulikuwa miaka kumi na tisa. Hakujitetea. Alisema mwaka wa kwanza hakupata kitu, akaona aibu kurudi mikono mitupu, na aibu ile kila mwaka ilizaa nyingine. Alisema kilichompa usingizi ni kwamba alijua nani yuko pale. Nilikasirika kusikia hivyo. Bado nimekasirika. Lakini yale maneno ya ndani ya basi sikuyapata tena.

Tukiwa tumekaa akaingia mama mmoja na viatu vya mwanawe vya shule. Akaangaza huku na huku, akamwuliza Baba, "Mwenyewe yuko wapi?"

Baba akasema, "Ametoka kidogo."

Yule mama akasema basi atarudi baadaye, akaenda na viatu vyake. Baba akachukua nyundo, akaiweka. Akaniambia, "Wote ndivyo wanavyouliza. Nawaambia anarudi."

Bibi hakutaja jina lako siku zote mbili. Alinieleza habari za goti, za bei za vitu, na kwamba tundu la paa limefunguka tena na hakuna anayejua kuliziba. Nilipokuwa naondoka alinikimbilia mlangoni na sweta lako la kijivu, limefuliwa na kukunjwa. Akasema nikupelekee, kuna baridi. Jasho lilikuwa linanitoka na yeye anajipepea. Nimeliacha kwa jirani wa duka la mama muuza ngozi.

Sasa yangu. Kijana nimemfundisha yote, mpaka lile bomba la kisima cha mashariki linalodanganya ukisoma klorini asubuhi. Anajua. Atafanya vizuri, na sijafurahi. Ile barua ya kuacha kazi sikuipeleka. Niliandika nyingine, ya kuomba uhamisho. Kuna kituo cha kusafishia maji kule juu kwenye chanzo, nje ya mji. Kina watu watatu na paka, na mkuu wake amestaafu. Hakuna aliyekitaka. Mkurugenzi alisoma, akavua miwani. Akasema, "Sasa mimi nani atanishikia huku?" Nikamwambia ameshamwajiri.

Naanza mwezi ujao. Ni hatua chini kwenye orodha ya mishahara, wenzangu wananitazama kama mgonjwa. Sijui kama nimejikomboa au nimejificha. Bado natembea jioni mpaka mwisho wa mtaa. Lakini nimewahi kukaa kwenye kiti mara mbili wiki hii, nikakaa.

Niambie mama muuza ngozi ulimjibu nini.

Mwanao


30 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Sweta nimelipata, na ujumbe wake nimeuelewa, ingawa ni kweli joto huku linaweza kuivisha mayai. Kuhusu safari ya kiwandani, ngozi ilikuwa imekwisha. Na mimi sisemi kitu.

Nilimjibu ndiyo. Tumeandikishana ndoa ofisini Alhamisi iliyopita, mashahidi wakiwa mwalimu na dereva anayetuletea mzigo. Sikukuita kwa sababu alinipa siku tatu, akisema akinipa wiki nitatafuta kaka mwingine. Karani aliniuliza anwani yangu. Nikaanza kutaja ile ya nyumbani, nikanyamaza. Mke wangu akaitaja yetu. Hilo neno mke nimeliandika hapa kujaribu kalamu.

Bibi yako hakuja. Alimtuma mwalimu na shuka mbili mpya. Kesho yake nilikwenda nikapanda paa. Alisimama chini ananishikia ngazi, jambo ambalo hajawahi kulifanya, na alinigombeza kuanzia pau ya kwanza mpaka ya mwisho. Hatukuongea mengine. Sidhani kama tutayaongea.

Kuhusu kituo chako, sina la kukufundisha. Mimi niliondoka kwenye ukuta mzima wa viatu nikaja kwenye benchi moja mbele ya duka la ngozi, chini ya turubai. Siku nyingine najiona mjanja, siku nyingine najiona mpumbavu aliyezeeka. Mguu bado unanipeleka kwenye mtaa wa zamani asubuhi, nafika kona ndipo nakumbuka. Labda ndivyo inavyokuwa. Nitakuja kukuona mwezi wa nane, niwaone na hao watu watatu na paka. Mke wangu anasema atakuja pia kuona kama kweli una akili kama ninavyomsimulia.

Jana alikuja baba yako. Ilikuwa saa za shughuli. Nilimwona tangu kona, anachechemea, nikajua anakuja kuniomba nirudi, na nilikuwa nimeshayaweka maneno ya kukataa mdomoni. Hakuniomba. Alivua kiatu cha kulia, akanionyesha. Soli aliibandika mwenyewe, imeachia mpaka katikati, imefunguka kama mdomo.

Akasema, "Nimejaribu mara tatu."

Nikakigeuza, nikaona alikokosea. Nikamwambia kinatengenezeka, akae kwenye benchi asubiri zamu yake. Mbele yake walikuwepo watu wawili.

Akakaa.

Baba yako mdogo